Ukiulizwa, Usiseme Hakuna

Rahma wangu,

Umetoka na baba yako kwenda mtaa wa Najma kupima begi kwa yule Mpakistani wa mizigo, maana wewe na baba yako hamuuamini mzani wa nyumbani. Nimesema sitoki, kichwa kinaniuma. Kichwa hakiniumi. Nilitaka mtoke nipate kukaa hapa mezani na karatasi, kwa sababu kila nikianza kuyasema haya kwa mdomo unanyanyuka kwenda kutafuta chaja.

Kesho unaruka kwenda Dar es Salaam kuanza kazi, na utakaa kwa mama yako mdogo Zuhura. Ya kula, ya kufunga mlango, ya kuwaamkia wakubwa wa mtaani, sitayaandika. Hayo umeyasikia mpaka umejua kuniigiza, na ukiniigiza baba yako anacheka mpaka anashika ukuta. Nacheka na mimi, usidhani sikuoni. Nataka kukuandikia habari moja tu, ile iliyotufanya tusisemezane vizuri tangu juzi.

Juzi nilikuletea jikoni barua ya rufaa. Daktari wangu wa hapa Doha ameiandika kwa wenzake wa Dar, wale wanaoshughulika na kansa za kurithi, uende ukaonane nao. Hukuifungua. Uliiweka juu ya friji ukasema, "Mama, wenzangu wanafungashiwa vitumbua. Mimi unanifungashia ugonjwa." Nami badala ya kunyamaza nikakujibu kwamba ugonjwa huo nilishakufungashia tangu ukiwa tumboni.

Nayatafuna maneno yale mpaka leo na hayashuki. Ni ya kikatili, tena si ya kweli. Alichonieleza mshauri wa kliniki ya kansa hizo ni kwamba kasoro niliyonayo mimi kwenye vinasaba, mtoto wangu ana nusu ya kuirithi na nusu ya kutoirithi. Ni kama kurusha shilingi. Yako ilisharushwa zamani, ila hakuna aliyeitazama. Nisamehe, mama. Nilisema vile kwa kuwa niliogopa, na mimi nikiogopa nakuwa mkali, unanijua.

Sasa nikusimulie bibi yako.

Bibi yako, mama yangu mzazi, alifariki Tanga wakati mimi nimeolewa karibuni na wewe hata hujafikiriwa. Umekua ukiambiwa alikufa kwa presha. Aliyekuambia ni mimi. Hata Zuhura, mdogo wangu wa tumbo moja, anaamini hivyo mpaka leo, kwa sababu naye nilimwambia mimi.

Ninachokikumbuka zaidi katika ugonjwa wake ni udi. Mwaka ule wa mwisho udi haukukatika chumbani kwake, asubuhi na jioni, mpaka majirani wakawa wanamtania kwamba anajiandaa kuolewa tena. Alicheka nao. Alijifunga kanga juu ya kanga, na joto lote lile la Tanga, wala hakutaka mtu amsaidie kuoga. Tulisema ni haya za utu uzima. Kumbe mwenzetu alikuwa anaficha harufu.

Alipofariki niliingia kumwosha. Zuhura alikuwa mjamzito, wakubwa wakaona abaki nje. Aliyeongoza alikuwa Bi Salama, ambaye ndiye aliyewaosha wanawake wote wa mtaa wetu, na kabla yake mama yake ndiye aliyekuwa akiwaosha. Wenzetu walishika kanga pembe nne juu ya mama ili asionekane. Kulikuwa na maji ya majani ya mkunazi, na karafuu maiti imeshasagwa. Mimi kazi yangu ilikuwa kumimina maji. Nilipokuwa namimina kanga iliyomfunika ikasogea, nikaona titi lake la kushoto. Sitakuelezea, Rahma. Nitakuambia tu kwamba lilikuwa limeoza, na kwamba lilioza mama akiwa hai, akitupikia, akitaniana na majirani, na hakumwambia mtu hata mmoja.

Bi Salama aliona kwamba nimeona. Akairudisha kanga mahali pake, akaniambia kwa sauti ya chini, "Kinachoonekana humu kinabaki humu." Hakunitisha. Ndivyo tulivyofundishwa, kwamba maiti husitiriwa, hutoki nje ukasimulia mwili wa mtu ambaye hawezi tena kujifunika mwenyewe. Nilipofika mlangoni wakaniuliza, jamani mama alikuwa na nini? Nikasema presha. Lilitoka lenyewe, na kila mtu akalipokea bila swali, maana presha ni ugonjwa usiomtia mtu aibu.

Neno hilo nikaja nalo Doha. Unajua kwamba kazi yangu ya kwanza hapa ilikuwa ya ndani, kule Muaither, kwa yule bibi wa Kiqatari mwenye watoto wengi. Usichokijua ni kwamba kila Alhamisi jioni alipofukiza udi nyumba nzima, mimi nilikwenda kujifungia stoo nikijifanya napanga mifuko ya mchele. Alidhani ni mafua. Hata sasa, wageni wakija hotelini ninapofanya kazi na chetezo ikapitishwa ukumbini, napeleka mashuka ghorofa ya juu kabisa na ninashuka udi ukishaisha. Miaka yote hiyo sikumwambia hata baba yako.

Nilipougua mara ya kwanza ulikuwa bado shuleni. Wewe ndiye uliyekuwa unanichemshia ule uji mwepesi, nikautia sukari kwa siri nikusifie. Daktari wangu, yule mama wa Kisudani mwenye miwani, aliniuliza kwa Kiarabu kama nyumbani kwetu kuna mwanamke mwingine aliyepata kansa. Mama, dada, mama wakubwa, bibi? Nikamjibu, mafi. Hakuna. Unajua lilivyo neno lile hapa, ndilo analoanza nalo kila mgeni, mafi nafasi, mafi shida, na ukishalisema mtu anakuacha uende zako. Yeye hakuniacha. Aliniambia nifikirie vizuri, hata kama ni zamani. Nikasema mafi, mama yangu alikufa kwa presha.

Hapa ndipo panaponiwia vigumu kukueleza. Sikuona kwamba nadanganya. Niliona nimeshika amana. Nilimwona mama yangu pale chini ya kanga, na nikaona nikimtaja mbele ya daktari na kompyuta yake, na muuguzi anaingia na kutoka, nitakuwa nimeivuta ile kanga kwa mkono wangu mwenyewe. Nikajisikia mtoto mwema kabisa. Nilitoka pale nimeinua kichwa.

Walinitibu vizuri, wakatoa uvimbe, wakanichoma mionzi, siwezi kuwalaumu kwa lolote. Lakini kwa umri niliokuwa nao, ugonjwa peke yake haukutosha kunipeleka kwenye kliniki ya kansa za kurithi. Kilichokuwa kinatosha ni habari za ukoo, na ukoo nilisema mafi. Basi rufaa haikuandikwa. Nikarudi kazini nikijisifu kwamba nimepona.

Uvimbe wa pili ulikuja titi la pili. Siku ile tulikuwa wote, ulinishika mkono mpaka pete ikaniuma, na nikakuacha uendelee. Ulipotoka kuninunulia maji, nilimuuliza daktari kama tungejua mapema ingekuwaje. Akavua miwani. Akaniambia, "Siwezi kukuahidi kwamba tungeuzuia. Ila tungekuwa tunautafuta." Kisha akaniuliza tena lile swali lake, mama, dada, mama wakubwa, bibi, na safari hii sikumjibu mafi. Nikamwambia anipe muda nipige simu nyumbani.

Ungempigia nani wewe? Mama hayupo. Mama mkubwa Tatu, dada yake, hayupo. Kaka yao nilimkuta hajui lolote, wanaume huoshwa na wanaume na mambo ya dada zao hawayajui. Nikaona katika dunia hii amebaki mtu mmoja aliyewaona wote. Nikampigia Bi Salama kwa simu ya mjukuu wake.

Amezeeka sana, lakini ulimi uko palepale. Nilipomwambia ninachokitaka alinifokea. Akaniuliza kama Doha wameniondolea haya pamoja na akili. Nikamwambia, Bi Salama, mimi ninao, mara ya pili sasa, na nina binti. Halafu akasema, "Mimi sisemi. Sema wewe. Ukikosea nitakukatalia."

Nikaanza. Nikasema, mama yangu, titi. Hakunikatalia. Nikasema, mama mkubwa Tatu, titi. Nikasikia watoto wanacheza uani kwake, yeye kimya. Nikasema, bibi yangu mzaa mama. Hapo alivuta pumzi, akasema yule aliyemwosha ni mama yake yeye Bi Salama, sio yeye, kisha akanyamaza tena, wala hakunikatalia. Nikasema, shangazi Mwanaisha. Akadakia hapo hapo, "Umekosea. Yule ni uzee wake tu." Rahma, nilicheka. Nililia na kucheka pamoja, na yeye huko naye akawa analia, mtu ambaye sijawahi kumwona akilia kwenye msiba wowote.

Kabla hatujaagana aliniambia kwamba alikuwa anajiuliza kila alipokuwa akiingia nyumba yetu na maji yake. Miaka yote alikuwa anajiuliza, na hapakuwa na mtu wa kumuuliza yeye.

Nimelala na jambo hili na kuamka nalo, na mimi si mwanachuoni, kwa hiyo usilichukue kama hukumu ya dini. Lakini nionavyo, tulichoambiwa tukisitiri ni mwili. Sisi tukausitiri mwili, na ugonjwa nao tukaufunika humo humo, ukabaki salama salimini. Aliyeachwa wazi ni mama mkubwa Tatu, halafu mimi, halafu hatujui nani.

Nikarudi kwa daktari nikamweleza yote, na akaniandikia rufaa siku ile ile. Kule kliniki nilikwenda na begi la nguo, nikidhani watanilaza, watanikamua damu na kuniambia ninakufa lini. Mshauri aliponiona na begi akanikaribisha chai. Tulikaa tu tukazungumza. Alichukua karatasi akachora ukoo wetu, wanawake duara, wanaume mraba, na aliyeugua duara lake analitia wino. Aliponiuliza habari nimezipata wapi, nikamwambia kwa mwosha maiti. Hakucheka. Aliandika. Aliniuliza waliugua wakiwa na umri gani, nikampa alichonipa Bi Salama kabla hatujaagana, kwamba wote walikwenda kabla ya mvi.

Nikaona duara la bibi limejaa wino, la mama limejaa, la Tatu limejaa, langu limejaa. La Zuhura na lako yalikuwa meupe. Nikamuuliza haya mbona umeyaacha. Akasema, "Hayo si yako kuyajaza, mama. Wala si yangu."

Damu walichukua siku nyingine, baada ya kuniuliza mara mbili kama kweli nataka. Jibu lilipotoka ndipo nilipomwambia baba yako yote, tangu ile kanga iliyosogea. Nilitegemea atakasirika. Alikaa pembeni ya kitanda akiwa bado na viatu vya kazini, akasema, "Ungeniambia ningekusitiri mimi." Nimeolewa na mtu huyu miaka yote hii na sikujua kwamba ningeweza kumwambia. Wewe ukipata wa kwako, usimchukulie mjinga kama mimi nilivyomchukulia baba yako.

Mjomba wako Hamza nilimpigia. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba hata mwanaume anaweza kuibeba kasoro hii na kuwapa binti zake, na sisi tulikuwa tunaamini ya wanawake hupita kwa wanawake. Aliuliza tu wasichana wake waende wapi. Hamza hana maneno mengi, namshukuru Mungu kwa hilo.

Zuhura ndiye aliyenivunja moyo. Nilipomwambia mama hakufa kwa presha alisema, "Dada, unamvua mama nguo kaburini," akakata simu. Tangu siku ile anazungumza na mimi kupitia kwako, ndege inafika saa ngapi, Rahma anakula nini. Na chumba chako amekipaka rangi. Ndivyo alivyo, atakasirika na mimi huku anakutandikia kitanda. Simlaumu. Yeye hakuingia chumbani. Mama yake bado yuko mzima kichwani mwake, na mimi nimekwenda kumwonyesha nilichokiona.

Ndani ya bahasha ya ile rufaa yako mna barua ya pili, yenye jina lake. Kliniki huwaandikia ndugu, kuwaeleza kilichopatikana na waende wapi wakitaka. Usimpe kwa nguvu, na usijifanye balozi wangu. Iweke kabatini mwako. Akikuuliza, mwambie ipo. Asipokuuliza, msaidie kumenya vitunguu na umpende. Nina hofu na yeye kuliko ninavyoweza kuandika, lakini duara lile ni lake.

Na lako ni lako. Sasa nisikilize, kisha utafute hiyo chaja. Sikuombi upime. Nilipokuletea ile barua nilikuwa nataka upime, tena kesho, tena mbele yangu, na ndiyo maana nilikupigia kelele. Nimeacha. Ukienda kwa wale watu wa Dar watakaa na wewe kama walivyokaa na mimi, watakuuliza, utawauliza, na unaweza kurudi nyumbani na damu yako yote. Unaweza kusema bado. Unaweza kusema hapana. Ukisema ndiyo, kwako ni rahisi kuliko ilivyokuwa kwangu, kwa kuwa sasa wanajua wanatafuta nini. Wakikikuta, haina maana unaumwa. Ina maana watakuwa wanautafuta, lile neno la daktari wangu, na mimi natamani mno uwe na mtu anayeutafuta kwa ajili yako. Wasipokikuta, nipigie, hata niwe kwenye lifti na toroli la mashuka.

Ninachokuomba ni kimoja tu. Daktari yeyote akikuuliza kwenu kuna nani, iwe mwaka huu au uwe na wajukuu, usiseme hakuna. Nitaje. Mtaje bibi yako, mtaje Tatu, mtaje yule bibi yangu ambaye hata picha yake hatuna. Hatutaona aibu. Sisi tulikwisha kuona aibu ya kutosha.

Nawasikia mnapanda ngazi, baba yako anahema na wewe unamcheka, kwa hiyo begi limezidi kama nilivyosema. Barua hii nitaikunja ndani ya kanga mpya niliyokuwekea juu kabisa, ile ya bluu. Ile ya rufaa umeiacha juu ya friji, na humo itakuwamo pia, maana mimi bado ni mama yako na sijaacha ukaidi wote.

La mwisho, na usilie ndani ya ndege. Sasa hivi najisikia vizuri, nakula, nagombana, umeniona. Lakini siku yangu ikifika, nikajaaliwa wewe uwe karibu, najua utaingia kuniosha, wewe ndiye mkubwa wangu na ndiye mdogo wangu. Mwambie atakayeongoza kwamba nilitaka maji ya vuguvugu. Utaona makovu mawili, moja kila upande. Usishtuke, ni ya hospitali, yameshonwa vizuri. Nifunike, mwanangu, nifunike vizuri kama walivyomfunika mama, kila kingine cha mwili wangu kibaki humo ndani. Kisha utoke. Watakuwa wamekaa mlangoni, watakuuliza mama yako alikuwa na nini.

Usiwaambie presha.

Mama yako,
Mwanaidi